Geti la Wapenda Uhuru

Kijana utakayelala kwenye kitanda hiki baada yangu, godoro limebonyea upande wa ukutani, kwa hiyo lala kichwa kikielekea mlangoni. Hiyo ndiyo habari njema niliyo nayo. Kampuni imesema nimefika umri wa kupumzika, tiketi ya kunirudisha Webuye imeshakatwa, na hapa Al Wukair, Qatar, rumu imeanza kunisahau nikiwa bado ndani. Juzi nimekuta mtu ametundika shati kwenye msumari wangu, na nilipomwuliza akasema alidhani nimeshaenda. Nimeona niwaandikie nyinyi vijana mambo ya kazi ya geti kabla sijaondoka. Kampuni itawafundisha saluti na namba za dharura. Mengine mtayajua mkiwa mmeshaumia.

Tuanze na viatu. Chukua kiatu kinachokuzidi kidogo, kwa sababu ukisimama mchana kutwa kwenye joto la huku mguu hufura, na kiatu kilichokukaa vizuri dukani kitakutoa machozi kabla ya saa sita. Vaa soksi mbili. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Kivuli cha kibanda nacho kinahama, na mlinzi mgeni utamjua tu: amesimama palepale alipoonyeshwa siku ya kwanza, jua limemkalia utosini, na kivuli kiko hatua chache nyuma yake kinamsubiri. Hakuna sheria inayokukataza kusogea. Mimi mwenyewe nilikaa majuma mazima nikiungua kwa utiifu mpaka Thapa akanivuta mkono.

Thapa alikuwa Mnepali, mzee wangu wa kazi, mtu mfupi mwenye sauti ya kwikwi. Yeye alijua Kiarabu cha kuokoteza na mimi Kiingereza cha shule ya msingi, na tukaelewana kuliko watu wengi wa lugha moja ninaowajua. Alinifundisha kuangalia mikono ya mtu na kuachana na uso wake. Alinifundisha pia kwamba mlinzi hasemi hapana. Mlinzi husema, "Dakika moja, sir," kisha anapiga simu ofisini, na ofisi ndiyo inayosema hapana. Hapo mgeni anaikasirikia ofisi na anakushukuru wewe kwa kujaribu. Nilicheka aliponiambia hivyo. Sikujua kwamba watu wakubwa kuliko walinzi nao wanaishi kwa mtindo huo huo.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Siku moja, pale Umm Salal nilikolinda kompaundi ya nyumba za wageni, ilikuja pikapu kuukuu yenye marobota ya majani ya mifugo, ndani yake mzee wa Kiqatari amevaa kanzu yenye vumbi. Nikamwambia gari za mizigo zinapita nyuma. Akageuza gari, akaenda nyuma. Baadaye supavaiza akanijia mbio, jasho linamtiririka, kuniarifu kwamba yule ndiye mwenye kompaundi, ametoka shambani kwake. Nikafunga virago moyoni. Mzee aliporudi akateremsha kioo, akanipa chupa ya maziwa ya mgando na kusema, "Zein, zein," yaani vizuri. Huyo nilimtia adabu kwenye geti lake mwenyewe na hakunifanya kitu. Nawaambia haya ili msije mkadhani nitamlaumu kila mtu.

Ninaotaka hasa kuwasimulia habari zao ni Wamarekani.

Kompaundi ile ilijaa wao. Wawili niliwajua vizuri kwa sababu walipenda kuzungumza na mimi. Wa kwanza ni Mista Dan, mwalimu wa chuo kikuu, aliyefundisha siasa za kwao: katiba yao, haki zao, jinsi serikali isivyoruhusiwa kumgusa mtu hivi hivi. Wa pili ni Mista Rick, mhandisi, mtu wa kofia na sauti kubwa, mwenyekiti wa kamati ya wapangaji. Walikaa nyumba zinazotazamana na hawakuwa wakisalimiana. Walikuwa wamegombana juu ya uchaguzi wa kwao, nchi iliyoko upande wa pili wa dunia, na nilikuwa nikiona mmoja akisubiri ndani ya gari mpaka mwenzake apite ndipo atoke.

Mista Dan hakutaka nimwite "sir". Alinisimamisha siku moja, kioo chini, baridi yote ya gari ikimwagika nje, akaniambia, "Wafula, mimi na wewe ni sawa. Niite Dan." Supavaiza naye alikuwa ameshasema mlinzi atakayemwita mpangaji kwa jina tupu atakula barua ya onyo. Nikatafuta njia ya katikati, nikawa namwita "Sir Dan", na yeye akacheka mpaka akapiga honi bila kukusudia. Mwisho tukakubaliana Mista Dan. Lakini maneno yale yalinigusa, siwafichi. Mimi nilikulia enzi ambapo kwetu tulipiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, chifu anapita na fimbo akihesabu, na mstari mfupi unatangazwa kuwa mrefu huku sote tukiutazama. Usiku kaka yangu alikuwa akitafuta habari za Amerika kwenye redio, na tulizisikiliza tukiwa tumeshika pumzi. Kwa hiyo mtu wa huko alipokuja kuniambia ana kwa ana kwamba mimi na yeye ni sawa, nilisimama wima zaidi shifti nzima.

Mista Rick yeye alipenda uhuru. Neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Serikali ya kwao, alisema, imeingia mpaka jikoni mwa watu. Inataka kumwambia mtu ale nini, aseme nini, amfunze nini mwanawe. Wakati wa ule ugonjwa wa barakoa nilipewa kipima joto nimlenge kila mtu kwenye paji la uso. Mista Rick akakataa. Alishuka kwenye gari, akaniwekea kifua mbele, akauliza, "Kwani hii si nchi huru?"

"Hapana, sir," nikamjibu. "Hii ni Qatar."

Alinitazama, kisha akacheka, akainamisha kichwa nikampima. Tangu siku ile akanipenda. Mista Dan aliposikia kisa hicho akasema watu kama Rick wanataka uhuru wa kwao peke yao, na kwamba uhuru usio na usawa ni ulafi. Rick akisikia hayo naye anasema watu kama Dan watatufanya wote tuwe sawa kwa kutufunga wote. Nilikuwa nikiwasikiliza kama mtu anayesikiliza mpira, leo nashabikia huyu, kesho yule. Nilidhani kati yao wawili lazima mmoja ana ukweli.

Nyumbani kwa Mista Dan kulikuwa na Mwikali, Mkamba wa Kitui, mlezi wa binti yao na mpishi na mfuaji na kila kitu. Mwanamke wa makamo, mcheshi, ana mwendo wa haraka. Huyu ndiye aliyemkaririsha yule mtoto hotuba ya shule juu ya usawa wa binadamu, jioni kwa jioni, akiwa anapiga pasi. Mtoto alisahau hotuba kesho yake, ila Mwikali aliishika yote. Alikuwa akipita getini na takataka ananitolea mistari miwili mitatu kwa Kiingereza cha Kimarekani, mkono kifuani, nami nampigia saluti.

Ijumaa, siku ya mapumziko huku ambayo hata makanisa huabudu, ilikuwa siku yake. Alitoka asubuhi na mapema na gauni lake la kanisa, anapanda teksi ya kuchangiana na wenzake hadi kule makanisani Doha, anaimba kwaya, anarudi jioni amechangamka. Lakini kwaya ilikuwa nusu ya safari. Nusu nyingine ilikuwa Mwende, mdogo wake, msichana mdogo tu aliyekuja Doha kufanya kazi katika nyumba ya familia moja mjini. Mwende hakuruhusiwa simu. Ijumaa dereva wa nyumba alimshusha makanisani, na baada ya ibada akamchukua tena. Madada hao walikutana penye mabomba ya maji, wanakaa kidogo, wanagawana chapati, basi. Huko ndiko Mwikali alikokuwa akimtazama mdogo wake amekonda au hajakonda.

Sasa ikatokea kwamba mfanyakazi wa nyumba nyingine pale kompaundi alitoka na hakurudi. Wapangaji wakaingiwa na hofu. Huku anayemleta mfanyakazi ndiye kafili wake, yaani mdhamini wake mbele ya serikali, na watu waliona wataulizwa. Mimi nilikuwa na kitufe cha kufungulia mlango wa waendao kwa miguu, ule wa vyuma unaozunguka, na desturi yetu walinzi ilikuwa rahisi: mtu tunamjua, tunamsalimu, tunabonyeza. Kamati ikaona kitufe kiondolewe. Ziletwe kadi. Kadi za wapangaji zifungue wakati wowote. Kadi za wafanyakazi wa nyumbani zifungue siku ile tu ambayo mwajiri ameidhinisha kwenye simu yake, na zisipoidhinishwa taa iwe nyekundu.

Wakaitisha mkutano ukumbini ili wapige kura, kila nyumba kura moja. Mimi niliwekwa mlangoni kwa heshima ya shughuli. Mwikali alikuwa amemwomba Mista Dan ruhusa ya kusema neno, na Mista Dan akafurahi sana. Akasimama akawaambia wenzake kwamba hakuna uamuzi wa haki unaofanywa juu ya watu bila watu hao kusikilizwa. Wakapiga makofi. Mwikali akasimama na aproni yake.

"Mimi sina mengi," akasema. "Mnaniachia watoto wenu. Mnaniachia nyumba na funguo. Mnalala usingizi mimi nikiwa macho. Mtu wa namna hiyo mnaogopa akienda kanisani? Naomba Ijumaa yangu iwe yangu, bila kuomba."

Wakapiga makofi tena, makubwa zaidi. Mwanamke mmoja akafuta macho. Nilihisi kifua kinanijaa, nikajua leo nimeona ile Amerika ya redio ya kaka yangu.

Ndipo Mista Rick akasema. Alisema yeye anachukia vizuizi, kila mtu anajua. Lakini hapa kinacholindwa ni uhuru wa mwenye nyumba kuamua mambo ya nyumba yake bila kamati wala serikali kumwingilia; ndiyo maana idhini iko mikononi mwa mwajiri, na anayetaka kumwachia wake amwachie. Halafu Mista Dan akasimama. Nilimtegemea yeye. Akasema amefikiri kwa uchungu, na ameona hatari ya mfumo ambao mlinzi anamfungulia anayemjua na kumfungia asiyemjua. Huo ni upendeleo. Kadi haimjui mtu. Kadi itawatendea wafanyakazi wote sawasawa, Mfilipino, Mganda, Mkenya, na huo nao ni usawa wa aina yake. Na yeye binafsi ataidhinisha kila Ijumaa bila kukosa.

Mikono ikainuliwa. Sikuona nyumba hata moja iliyopinga. Mista Rick akavuka ukumbi, akampa Mista Dan mkono, na wale watu wawili ambao hawakuwa wamesalimiana kwa sababu ya uhuru na usawa wakakumbatiana mbele yetu. Nikamtazama Mwikali. Alikuwa ameshaanza kukusanya vikombe.

Mtu mwenye akili angeng'amua pale pale. Mimi nilijifariji. Nilisema moyoni, Mista Dan ni mwema, ataidhinisha. Na kweli aliidhinisha, Ijumaa hadi Ijumaa, na Mwikali aligusisha kadi yake, taa ya kijani, mlango ukazunguka, akaniambia, "Umeona, Mzee, nimesamehewa leo pia." Mimi nikawa mlinzi asiye na kitufe. Nilisimama karibu na mlango unaojiamulia wenyewe, kazi yangu ikawa kuwasalimu watu wakati mashine inawachunguza. Nyinyi vijana mtakuta mageti mengi ni hivyo sasa. Mtaambiwa kazi imekuwa rahisi, na miguu kweli inapumzika.

Kisha Ijumaa moja Mwikali alirudi kutoka kanisani uso umemshuka. Akasimama kibandani kwangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Baba," akasema, na mimi kwa kawaida huniita Mzee. "Mwende ana alama mkononi. Ya pasi. Ameificha na sweta, joto lote hili."

"Amesema ni nani?"

"Hajasema. Dereva alikuwa anapiga honi. Amesema tu wanahamia Riyadh, familia nzima, na yeye. Jumamosi ya wiki ijayo. Ijumaa ndiyo ya mwisho. Nimemwambia usirudi kwa hilo gari, tutatoka sote, wamama wa kwaya wanajua pa kumpeleka, kuna mtu wa ofisi ya kazi amewahi kusaidia wengine. Anaogopa. Anasema bila mimi nimemshika mkono hawezi."

"Basi utamshika mkono," nikamwambia.

Mwikali alimweleza Mista Dan yote. Najua, kwa sababu Mista Dan mwenyewe alinijia getini amewiva uso kwa hasira. Alisema huo ni utumwa, kwa neno hilo hilo. Alisema kama si safari angempeleka Mwikali kwa gari lake. Familia ilikuwa inakwenda likizo kwao, wanaondoka usiku wa kuamkia Ijumaa, na Mwikali anabaki kuangalia nyumba na mbwa. "Lakini nitaidhinisha kadi," akasema, akanigonga bega. "Hilo usijali."

Idhini haikubali kuwekwa kabla. Lazima iwe siku yenyewe. Ndivyo kamati ilivyotaka, ili mtu asiidhinishe kwa uvivu.

Ijumaa asubuhi Mwikali alikuja na gauni la kijani na begi dogo. Aligusisha kadi. Nyekundu. Akaifuta kwenye gauni, akagusisha tena. Nyekundu. Tukatazamana. Nikampigia Mista Dan, simu haipatikani. Alikuwa angani, juu ya bahari fulani. Mke wake, vivyo hivyo. Nikapiga chumba cha kamera, kijana wa huko akasema yeye anaona tu, hafungui. Ufunguo wa dharura ulikuwa kwa meneja wa kompaundi, na meneja Ijumaa hashiki simu. Nikampigia supavaiza. Akaniambia kwa sauti ya kuchoka, "Wafula, mwambie asubiri." Nikasikia maneno ya Thapa yakitoka kwenye mdomo wangu mwenyewe: "Dakika moja, mama. Dakika moja."

Mwikali akapiga simu kwa wamama wa kwaya. Hawakushika. Walikuwa wameshaanza kuimba, na wakiimba simu zinazimwa, hiyo ndiyo adabu ya kanisa lao.

Nikamwita kando. "Sikiliza, binti yangu. Gari likitoka lile geti kubwa linabaki wazi kidogo. Mimi nitageuka nifunge kamba ya kiatu. Wewe pita."

Alilifikiria. Nilimwona akilifikiria, akiangalia geti, akiangalia kamera. Kisha akatikisa kichwa.

"Nikipita hivyo nimetoroka, Baba. Kamera imeona, ofisi itapeleka jina langu. Nitafika pale niwe mtoro, nikamsaidie mtoro mwingine. Nani kati yetu atamwombea mwenzake? Watatuchukua wote wawili."

Alikuwa amepima vizuri kuliko mimi.

Mista Rick akatokea, kofia kichwani, mfuko wa gofu begani. Nikamsimamisha, nikamweleza. Nilimweleza vizuri, sikuruka kitu: dada, pasi, Riyadh, saa. Nikamwambia, wewe ni mwenyekiti, piga simu kwa watu wa mashine wafungue huu mlango. Akaniambia kwa heshima kabisa, amevua kofia:

"Wafula, nikianza kumfungulia mtu wa nyumba ya Dan bila Dan, kesho mwenyekiti mwingine atafanya nini kwangu? Siingii katika nyumba ya mtu. Maisha yangu yote nimesimamia hilo."

"Sir, haingii mtu. Anatoka."

"Ni kitu kimoja," akasema. Akamgeukia Mwikali, akamwambia anasikitika kutoka moyoni, na sidhani alidanganya. Akarudi nyumbani kwake akamletea chupa ya maji baridi. Kisha akaenda kucheza gofu.

Mwikali hakulia. Alisimama kwenye kivuli, nilimwonyesha kilipo, na kivuli kiliposogea tukasogea naye. Kila baada ya muda alinyoosha mkono akagusisha kadi. Wenzake wa teksi, watu wa kanisa jingine wasiomjua Mwende, walikuwa wamemsubiri nje, wakachoka, wakaenda. Akaniuliza kama najua wimbo fulani wa kwao, nikasema sijui, akauimba kidogo kwa ndani. Adhana ya swala ya Ijumaa ikasikika kutoka kila upande, na tukajua ibada za asubuhi kule makanisani zimeshaisha.

Alasiri taa ikawa kijani. Mista Dan alikuwa ametua mahali, amewasha simu, ameona simu zetu zote. Aliidhinisha palepale, akampa na saa za ziada mpaka usiku. Mwikali alitoka mbio kama msichana. Alipofika alikuta watu wa ibada nyingine kabisa, na mama mmoja wa kwaya aliyebaki kumngoja. Mama yule alikuwa amemwona Mwende kwa mbali baada ya ibada, penye mabomba, amesimama akitazama upande wa barabara. Alipojipenyeza kwenye umati kumfikia, gari lilikuwa limeshapiga honi. Mwende alikuwa ameingia mwenyewe, akafunga mlango.

Hilo ndilo la mwisho tunalolijua. Jumamosi familia ikahama. Wakala aliyemleta Mwende anasema akishavuka mpaka siyo faili lake tena. Mama yao kule Kitui hupiga simu akimwuliza Mwikali, wewe si uko karibu, mbona humwendei. Anadhani Doha na Riyadh ni kama Kitui na Machakos.

Mista Dan aliporudi alilia. Alilia hadharani, pale kibandani, akamkumbatia Mwikali na mimi. Kisha akakifanya kisa hicho mfano darasani. Wanafunzi wake walikuja kunywa kahawa nyumbani kwake jioni moja, na nilipomuuliza Mwikali kesho yake wageni walikuwaje, akasema walikuwa watu wazuri, walisikitika sana, na kwamba Mista Dan alisimulia kwa uhodari mpaka mmoja wao akakiacha kikombe kipoe. Mwikali mwenyewe ndiye aliyempelekea kingine. Katika mkutano uliofuata Mista Dan alipendekeza mlinzi arudishiwe kitufe. Mista Rick akasema jambo hilo ni zito na linahitaji muda. Wakalisogeza mbele, wakaingia kwenye suala la pampu ya bwawa la kuogelea.

Mnataka niwaambie somo ni nini. Sina. Nimekaa kwenye kitanda hiki nikitafuta neno la kuwaachia, kama wazee wanavyofanya, na kila ninalolishika linateleza. Wabaya ningewaelewa. Wale walikuwa watu wema, waliosoma, wanaopenda uhuru na usawa kuliko watu wowote niliowahi kukutana nao, wanaweza hata kuvunja urafiki kwa ajili yake. Na walipopewa mlango mmoja mdogo wa vyuma, wakaujenga hivi. Kama wao hawawezi, sijui ni nani mtakayemngoja. Vaeni soksi mbili. Kunyweni maji. Hilo naweza kuwahakikishia.

Jambo moja kamati ilifanya. Kwa huruma, na kwa Mwikali peke yake, walikubali kadi yake iwekewe idhini ya kudumu. Mista Dan alikuja mbio kunionyesha kwenye simu yake, jina la Mwikali na alama ya kijani, siku zote, saa zote. "Tazama, Wafula," akaniambia. "Hakuna wa kumzuia tena." Ijumaa iliyofuata nilimngojea, sikumwona. Na iliyofuata pia. Nilipomkuta anatoa takataka nilimwuliza mbona hatoki siku hizi, na mlango uko wazi.

Akaweka mfuko chini, akanitazama kama anayetaka kweli nimsaidie kujibu.

"Niende wapi, Baba?"